Fundi Anajibu: "Cheni nimefunga juzi, leo inagonga kava"

Masika yameanza na barua zenu nazo zimebadilika. Mwezi uliopita ilikuwa kabureta na plagi, mwezi huu karibu kila mtu ni cheni, cheni, cheni. Basi ukurasa wote wa leo nimeuacha uwe wa cheni. Nimeanza na swali ambalo jibu lake ni refu, maana ukilishika hilo mengine yanakuwa mepesi.

Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa bodaboda Kibaha, nina Boxer ya mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Mwezi uliopita nimefunga cheni na sproketi zake zote mpya, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, lakini kila siku tatu inalegea mpaka inagonga kava, nakaza, inalegea tena. Na oili siinyimi, kila asubuhi naimwagia ile oili chafu tunayoitoa kwenye injini, kijiweni tuna kidumu kizima tunatumia wote. Wenzangu wanasema nimeuziwa feki. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuufikisha mkataba hapo, miezi minne sio mbali.

Feki zipo madukani, siwezi kukataa, na cheni yoyote mpya huwa inalegea kidogo siku za mwanzo mpaka ikae sawa. Lakini kila siku tatu kwa mwezi mzima, hapana. Kabla hujarudi dukani kugombana na mtu fanya hivi: pitisha kidole kwenye ule weusi uliogandia pembeni mwa cheni, alafu usugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na sikio. Utasikia unakwaruza. Ule ni mchanga wa barabara umeshikwa na oili. Mchanga mkavu peke yake mwingi unadondoka, ila ukipata oili unang'ang'ania na kuingia ndani, unakuwa msasa wa majimaji, na we kila asubuhi unauongezea maji yake ili usage vizuri.

Na hiyo oili ya kidumu yenyewe ndo imeshatoka kufanya kazi kwenye injini, ina masizi, ina vumbi la chuma lililotokana na kulika kwa injini za watu, ina asidi. Isingekuwa imechoka msingeimwaga. Nawaomba sana nyie wote wa kijiweni, hicho kidumu kipelekeni kwa wanaokusanya oili chafu, kisiguse cheni tena. Hata mikononi sio kitu cha kupakwa kila siku, ngozi haikipendi.

Sasa kwa nini cheni inalegea? Watu wanasema cheni imevutika, ni lugha tu, cheni haivutiki kama mpira. Kila kiungo kina pini, pini imevalishwa bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, na juu ya bushi kuna rola, kigurudumu kidogo, ndo inayokaa kwenye meno ya sproketi. Muundo huu ni ule ule aliouandikisha Hans Renold kule Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kinacholika ni pale pini inapozunguka ndani ya bushi, sehemu ambayo huioni. Ikilika unene wa unywele tu kwenye kila pini, zidisha kwa viungo zaidi ya 100, jumla inafika milimita kadhaa na cheni inaanza kugonga kava. Ina maana oili inatakiwa ifike HUKO ndani kwenye pini. Ile inayong'aa juu ya cheni na kukurukia kwenye suruali haikusaidii chochote.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni kusafisha, oili inakuja baadae. Tafuta mafuta ya taa, kikombe kimoja kinatosha, brashi ya nywele za plastiki au mswaki wa zamani, vitambaa, na kipande cha boksi. Petroli acha, nimeona mtu kaosha cheni kwa petroli huku mwenzake anavuta sigara hatua tatu pembeni, sitaki kukumbuka. Weka pikipiki stendi kubwa, gia iwe nyutro, INJINI IMEZIMWA, boksi lipitishe kati ya cheni na tairi ili mafuta yasirukie tairi wala ngoma ya breki, na chini weka beseni, hayo mafuta machafu usiyaache yaingie mtaroni. Sugua upande wa nje, sugua upande wa ndani unaoangalia tairi, sugua juu na chini, unazungusha tairi kwa mkono unasogea. Meno ya sproketi ya nyuma nayo usiyaache. Alafu fungua kava la sproketi ndogo ya mbele, hapo ndo utashangaa, unakuta tope limegandamana kama ugali wa jana, toa lote kwa kijiti. Ukimaliza futa kwa kitambaa, rudia mafuta ya taa kidogo, futa tena mpaka kitambaa kikitoka hakina weusi, uiache ikauke kama robo saa.

Hapo kwenye injini imezimwa nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu. Nikiwa bado najifunza kazi, kwenye karakana moja nisiyoitaja, kijana mwenzangu alikuwa na haraka, akawasha pikipiki ikiwa stendi kubwa, akaingiza gia ya kwanza ili cheni ijizungushe yenyewe, yeye ameshika tu kitambaa. Kitambaa kilinaswa na cheni kikaenda kwenye sproketi na vidole vikafuata. Vidole viwili, nusu sekunde, hata kelele hakupiga mwanzoni. Toka siku hiyo mtu akinionesha njia hiyo ya mkato naondoka hapo. Zungusha tairi kwa mkono, dakika kumi hazijaua mtu.

Sasa oili. Nunua oili ya giabox namba 90, nzito nzito, chupa ndogo itakaa miezi. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 10, sindano yenyewe itupe kwa usalama ubaki na bomba. Cheni ikiwa safi na bora zaidi ikiwa bado ina joto kidogo la kutembea, angalia ile cheni ya chini, upande wa juu yake yaani ule unaoangalia ndani, utaona mabamba yamepandana, bamba la nje na bamba la ndani, katikati yao kuna upenyo mwembamba. Tone moja hapo kila kiungo, kulia na kushoto. Cheni ikizunguka oili inasukumwa kwenda nje, kwaiyo ukiweka upande wa ndani inapita kwenye pini ikielekea nje, ukiweka upande wa nje inaruka tu. Bomba moja la mililita 10 linakaribia kutosha cheni nzima, ona tofauti na kidumu chenu. Zungusha tairi mara kadhaa, uiache ikiwezekana usiku mzima, asubuhi futa nje yote kwa kitambaa kikavu. Ndio, futa. Nje ikibaki kavu mchanga hauna pa kushika.

Hii fanya kila baada ya kilomita 500 hivi, kwa boda anayetembea kilomita 100 na zaidi kwa siku hiyo ni kama mara moja kwa wiki, Jumapili jioni kabla ya kulala. Mvua ikikunyeshea au umepita kwenye tope siku hiyo hiyo futa na weka oili kidogo, usingoje Jumapili.

Alafu kukaza. Nina wasiwasi unakaza kupita kiasi, maana mtu aliyechoka kugongwa kava huwa anaikaza mpaka inalia kama gitaa. Pikipiki nyingi za kazi kitabu chake kinataka cheni ya chini icheze kwenda juu na chini milimita 20 hadi 30, yaani kidole kimoja na kidogo mpaka vidole viwili, ila angalia kitabu cha ya kwako. Pima sehemu zote huku unazungusha tairi, utakuta kuna mahali imekaza kuliko pengine, rekebisha kwa kufuata pale ilipokaza zaidi. Na kumbuka abiria akipanda shokapu zinashuka na cheni inakaza zaidi, ukibeba mishkaki ndo kabisa. Cheni iliyokazwa sana ukiwa peke yako, ukipakia watu wawili inavuta beringi na sili ya sproketi ndogo, oili ya injini inaanza kuvuja pale na hapo hesabu yake ni kubwa kuliko cheni.

Ukilegeza nati ya ekseli, ule mtaimbo wa katikati ya tairi la nyuma, sogeza skrubu za pande zote mbili sawa sawa, hesabu mizunguko na uangalie alama, tairi likikaa upande cheni inakula meno ubavuni. Ukishakaza ekseli pima tena cheni, mara nyingi inakuwa imebadilika. Na usisahau breki ya nyuma! Tairi likirudi nyuma ile fimbo ya breki nayo inavutika, kanyaga pedeli uone ina uchezaji wake na taa ya breki inawaka na kuzimika, watu wanatembea na breki imejishika wanadhani injini imekosa nguvu.

Fanya hivyo wiki tatu alafu niandikie. Kama bado inalegea kila siku tatu, hapo na mimi nitakubali umeuziwa bati.

Fundi habari za kazi. Mimi ni mama, nashona nguo Morogoro, nina pikipiki moja nimempa kijana aniletee hesabu. Kila miezi miwili ananiambia cheni imekufa anataka hela ya cheni na sproketi. Sitaki kumdhania vibaya maana ni kijana mwenye adabu, lakini pia hela inauma. Nitajuaje kama kweli imekufa?

Njema mama yangu, pole na majukumu. Swali lako nimelipenda sana kwa sababu kifaa cha kujibia kiko shingoni kwako, ile futikamba ya kupimia wateja.

Mwambie kijana azime injini, aingize gia ya kwanza, asukume pikipiki mbele kidogo mpaka ikatae. Cheni ya chini itanyooka. Pikipiki nyingi za kazi zinatumia cheni namba 428, kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7 ambayo ni nusu inchi kamili. Angalia kwanza hiyo namba, imegongwa kwenye mabamba ya cheni yenyewe. Sasa chagua pini moja uiite sifuri, weka mwanzo wa futikamba katikati ya kichwa chake, hesabu pini ya kwanza, ya pili, mpaka ya 20. Cheni mpya hapo ni inchi 10 kamili, ukigeuza futikamba upande wa pili ni sentimita 25.4. Pima sehemu tatu tofauti. Ikifika 25.9 imeshakwisha, kijana ana haki yake. Ikiwa 25.5 bado ina maisha, inataka kusafishwa na kukazwa tu. We uliyezoea kupima kiuno cha mtu huku anacheka hutashindwa hapo.

Kipimo kingine hakitaki futi. Nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, shika cheni pale inapozungukia, ivute kwako kama unaibandua. Ikibanduka ukaona nusu ya jino iko wazi, imekufa. Na uangalie meno yenyewe, jino zima lina umbo la kilima pande zote sawa, lililokwisha limelala upande mmoja limechongoka kama pezi la papa. Sproketi ndogo ya mbele inawahi kuisha kwa sababu meno yake ni machache na kila jino linakutana na cheni mara nyingi zaidi, kwaiyo ifunguliwe nayo uione.

Kuhusu miezi miwili: tuseme anatembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni kilomita 3,120, miezi miwili 6,240. Kwa cheni inayosafishwa hiyo ni mapema sana. Kwa cheni isiyosafishwa na iliyovuliwa kava sio ajabu hata kidogo, kwaiyo inawezekana kabisa kijana anasema kweli na cheni inakufa kweli, ila inakufa kwa kukosa matunzo. Mnunulie chupa ya oili namba 90 na lita ya mafuta ya taa, umpe na ukurasa huu. Na muulize kava la cheni liko wapi! Vijana wanalivua eti linapiga kelele au pikipiki ionekane ya kishua, wakati kava ndo mwavuli wa cheni. Zile zilizofunikwa kabisa huwa zina kizibo cha raba kwa chini, unakitoa unapima ulegevu bila kufungua kitu, hakuna sababu ya kulivua.

Ukibadilisha badilisha vyote vitatu kwa pamoja mama, cheni na sproketi zote mbili. Anayekushauri ununue cheni tu "sproketi bado nzima" anakurudisha dukani mapema.

Kaka mambo. Cheni yangu imekatika nikiwa kwenye lami Mlandizi, nikiwa mwendo, ikajikusanya mbele ikatoboa ganda la injini. Nashukuru Mungu sikuanguka. Fundi wangu anasema ni bahati mbaya. Cheni yenyewe haina hata miezi mitatu.

Poa, na pole sana kaka, hapo umenusurika kweli, ingejikunja nyuma ikashika tairi tungekuwa tunaongea mengine.

Katika kesi za namna hii kitu cha kwanza ninachokiangalia ni loki, ile klipu ndogo inayofunga kiungo cha kuungia. Itazame vizuri, ina umbo la samaki, upande mmoja umeziba ni kichwa, upande wa pili umeachana ni mkia. Samaki anaogelea kichwa mbele. Cheni ya juu inakwenda kutoka nyuma ya pikipiki kuja mbele, kwaiyo loki ikiwa juu kichwa kiangalie mbele, ikiwa chini cheni inarudi nyuma basi kichwa kiangalie nyuma. Ukiifunga kinyume mkia unatangulia, ukigusa kava au jiwe unasukumwa, klipu inachomoka, bamba linafuata, pini inatoka. Mafundi wengi wa haraka wanaipiga kwa bisibisi na nyundo upande wowote ulioko karibu na mkono wao.

Kosa lingine ni kutumia loki ile ile kila mara cheni ikifunguliwa, ikishafunguka mara mbili tatu inakuwa haina nguvu ya kubana. Ni kitu cha bei ndogo, nunua mbili, moja funga kwa plaizi taratibu mpaka isikike imeingia kwenye mfereji wa pini zote mbili, nyingine weka chini ya siti na kiungo chake. Kila unapofuta cheni mtafute huyo samaki kwa macho, uone yupo na anaogelea vizuri.

Ganda la injini kabla ya kuziba hakikisha fundi ametoa vipande vyote vilivyodondokea ndani.

Mkuu, hapa kwetu Diani mimi hubeba wageni hadi ufuoni, cheni haimalizi wiki bila kutu, na viungo vingine vimekuwa vigumu havikunjiki. Nikipeleka kuosha wanapiga maji ya presha vizuri kabisa lakini wapi.

Ndugu yangu, chumvi na mchanga wa pwani ni shida juu ya shida, na hiyo presha ndo inayomalizia kwa sababu inaisukuma chumvi pamoja na maji ndani kwenye pini. Ukitoka ufuoni mwagia maji ya kawaida yasiyo na chumvi kwa kopo tu, futa, tembea kidogo ikauke, alafu oili siku hiyo hiyo hata kama ni saa nne usiku. Maji yakilala kwenye cheni asubuhi unaamka na kutu.

Vile viungo vigumu vipake mafuta ya taa, vikunje kwa mkono huku na huku, vingine vitalegea. Kisicholegea baada ya mara mbili tatu hakitalegea, cheni hiyo ibadilishe, maana kila kiungo kigumu kikipita sproketi ndogo kinaruka, utakuwa unausikia mguuni kama mdundo.

Fundi, skrubu za kukazia zimefika mwisho, nikate kipisi kimoja nirudishe tairi mbele?

Hapana. Skrubu zikifika mwisho cheni imeshakuambia umri wake. Ukikata unafupisha urefu wa jumla, lakini kila kiungo kilichobaki bado kimezidi ile 12.7 na meno ya sproketi hayajazidi, kwaiyo inapanda juu ya meno inayachonga. Ukija kufunga cheni mpya juu ya sproketi hiyo nayo inaharibika.

Na grisi je? Mzee mmoja hapa Tabora anapaka grisi.

Grisi haiingii kwenye pini, inakaa nje kukusanya vumbi, na vumbi la Tabora unalijua mwenyewe. Mheshimu mzee lakini mshauri.

Nina pikipiki kubwa ya safari, Arusha, cheni ni ya o-ringi. Nisafishe kwa petroli? Na WD-40?

Petroli inakausha zile o-ringi, yaani vipete vya raba vilivyo kwenye kila kiungo, zinapasuka, na brashi ya waya inazichana, vyote viwili weka mbali. Mafuta ya taa kwa kitambaa au brashi laini, usiiloweke, futa haraka. Ndani ya cheni yako grisi imefungiwa tangu kiwandani, hizo o-ringi ndo mlango wake, kwaiyo oili unayoweka ni ya kuzilinda zisikauke na kuzuia kutu kwenye rola. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kopo, inafukuza maji vizuri ila ni nyepesi mno kuwa ulainishaji wa safari, ukiitumia bado unatakiwa uweke oili ya namba 90 au dawa ya cheni ya kupuliza inayoandikwa inafaa kwa o-ringi. Ukienda njia ya vumbi kama ya Ziwa Natron beba kitambaa na kichupa chako, jioni ukifika kambini cheni ikiwa bado ya moto, ifute na uipe tone tone kabla hujavua viatu.